Laini Sita kwa Kidole Kimoja

Dobi ninayemsimulia hapa karibu hana alama za vidole. Hakuzaliwa hivyo. Miaka kumi na tisa ya sabuni ya unga, dawa ya madoa na kola za mashati ya watu wengine imevisugua vidole vyake mpaka ncha zimekuwa laini kama mwiko wa siku nyingi. Kuna mtu aliyeliona jambo hilo kabla ya sisi majirani zake, akaligeuza mtaji. Habari yenyewe inanikera hadi leo, na sioni sababu ya kuipaka sukari.

Mtaani wanamwita Bi Povu. Utani huo haumfai hata kidogo, maana mdomoni mwake povu halitoki. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, mwenye mgongo ulionyooka kuliko unavyotarajia kwa mtu anayeinamia beseni kutwa. Mumewe ni fundi baiskeli, mwembamba, na maneno aliyo nayo yanawatosha wote wawili. Wanaishi vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi huamshwa na kelele za mabati yanayoshushwa kwenye lori.

Hafulii kwake. Huwafuata watu majumbani, nyumba sita kwa wiki, kila nyumba na siku yake, na katika nyumba nne amepewa funguo, kwa kuwa wenyewe hutoka asubuhi na mapema. Ana utaratibu ambao hajawahi kuuvunja. Kabla ya kuloweka nguo hugeuza mifuko yote nje, na chochote kinachotoka, iwe sarafu, kidonge, hereni moja au barua iliyokunjwa mara nne, hukiweka kwenye sahani nyeupe jikoni, mahali ambapo mwenye nyumba akiingia tu atakiona. Hasomi wala haulizi. Kwa njia hiyo amejua siri za nusu ya mtaa bila kuzijua.

Ukitazama vizuri, si kufua tu kunakomlisha. Kufua hata mimi naweza. Kinachomlisha ni kwamba mtu anaweza kumwachia nyumba tupu akaenda kazini na moyo wake umetulia. Ukimwondolea hicho, anabaki mwanamke mwenye kipande cha sabuni.

Basi likatoka tangazo kwamba kila mwenye laini ya simu aisajili upya kwa kitambulisho na alama ya kidole, la sivyo itazimwa. Bi Povu alichelewa, laini ikazimwa kweli, na siku moja mchana akaacha nguo kwenye maji akaenda kwa wakala aliyekuwa karibu.

Wakala yule anaitwa Mpole. Ana mwavuli mkubwa pembeni mwa barabara, meza ndogo, kiti cha plastiki cha mteja, na kile kimashine cha kusoma vidole chenye taa ndogo nyekundu. Ni mtu mzima, ana mke, ana watoto watatu shuleni, hanywi, na shati lake lina mstari wa pasi kwenye mikono. Natoa sifa zake makusudi. Watu wengi wanadhani tapeli lazima awe na macho mekundu.

"Karibu mama yangu, kaa kwanza. Jua la leo halina adabu."

"Nataka kusajili laini tu, baba. Nimeacha nguo kwenye maji."

"Dakika moja. Kitambulisho. Haya, kidole cha shahada, hapo." Taa ikawaka. Mpole akatazama skrini yake, ambayo ilikuwa imemwelekea yeye peke yake, akatikisa kichwa. "Haijasoma. Weka tena."

Akaweka tena.

"Bado. Weka tena. Mama, vidole hivi umevifanya nini, umevitafuna?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Bi Povu akajibu, "Ni sabuni," kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama kosa.

"Pole sana. Hii ndiyo mikono ya halali." Halafu akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akamshika mkono, akamfuta vidole mwenyewe, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto wake baada ya kula. "Sasa tujaribu. Haijasoma. Tena. Usikate tamaa, mama yangu, weka tena."

Aliweka kidole mara tisa. Mara ya tisa Mpole akapiga makofi. "Imekubali! Nilijua tu. Ulitaka kunivunjia mashine." Foleni ikacheka tena. Bi Povu akamshukuru kwa uvumilivu wake, akamwombea heri, akarudi kwenye beseni mbio mbio. Kwa miezi miwili iliyofuata, kila aliposikia mtu analalamika kwamba mawakala hawana heshima, alisema, "Nendeni kwa Mpole. Yule amelelewa."

Nguo ambazo hajawahi kuzikosa ni za mfamasia. Alhamisi ndiyo siku yao. Ni nyumba yenye geti la kijani, baraza la vigae na kamba tatu za kuanikia nyuma, nyumba aliyoifulia kwa miaka kumi na moja. Mfamasia mwenyewe ni mtu wa haya, mwenye duka la dawa barabara ya pili. Mkewe anafanya kazi katika ofisi ya bima, mwanamke mwepesi wa kila kitu: kutembea, kuamua, kubonyeza.

Baada ya miezi hiyo miwili, Alhamisi moja, Bi Povu alikuta geti limefunguliwa kutoka ndani. Mke wa mfamasia alikuwa jikoni, amekaa, hakwenda kazini. Juu ya meza ilikuwa simu peke yake.

"Shikamoo haitatusaidia leo," alisema kabla hajasalimiwa. "Kaa."

"Nguo ziko wapi, mama?"

"Leo hakuna nguo. Soma hapa."

"Sikubeba miwani. Nisomee."

Mke wa mfamasia akasoma majina matatu, moja baada ya jingine, kama hakimu. Yalikuwa majina ya Bi Povu, yale ya kwenye kitambulisho: lake, la baba yake na la babu yake.

"Ndiyo mimi," alisema Bi Povu.

"Unakubali!"

"Nakubali jina, mama. Sijajua limefanya nini."

"Limekula pesa yangu. Nimeagiza kitu mtandaoni, nimelipa, muuzaji kazima simu. Ukurasa umefutwa. Na aliyepokea pesa ni wewe, jina lako hili hapa kwenye ujumbe."

"Umeagiza kitu gani?"

"Hayo hayakuhusu."

"Mama, katika miaka yote hii nimewahi kuondoka hata na kifungo?"

"Wezi wa siku hizi hawaibi vifungo. Lete ufunguo." Bi Povu akauweka mezani. "Jumanne asubuhi tunakwenda kituoni kuandika maelezo. Ukiwa na la kukusafisha, ulilete kabla. Ukikosa, utawaeleza askari. Na usinitolee machozi, sitaki."

Hakuyatoa. Alisimama akaenda. Njiani, kama alivyosimulia baadaye, hakuwa akifikiria polisi. Alikuwa akifikiria Ijumaa, nyumba ya mwalimu, kama wangemfungulia.

Walimfungulia, lakini ya Jumamosi haikumfungulia. Wanawake wa mitaa ile wana kundi lao la simu, la kupeana habari za maji na takataka, na usiku wa Alhamisi mtu alikuwa ameandika humo, "Tuwe makini na dobi wetu, mwenye masikio na asikie." Hakuna aliyeuliza ushahidi. Kumi na saba waliweka alama ya mshangao. Mlinzi wa nyumba ya Jumamosi alimpokea getini kwa macho ya chini: "Dada, wamesema wamesafiri. Wamesema pia uniachie ufunguo." Nyuma yake, dirishani, pazia lilikuwa likitikisika. Wasomi hao, watu wa ofisini, hawakuweza hata kusema uongo uliokamilika.

Nyumbani, fundi baiskeli alisikiliza yote huku mikono yake ikiwa na grisi.

"Una laini ngapi, mke wangu?"

"Moja, unaijua."

"Naijua. Na simu yako hiyo hata hiyo moja inaishika kwa kusuasua. Mawingu yakipita tu, mtandao hakuna." Kisha akaacha utani. "Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yako. Mtu amekaa ndani ya jina lako. Jumatatu nenda kampuni ya simu, waulize nani kakaa. Niende nawe?"

"Baki na baiskeli zako. Tukifunga kazi wote wawili watasema tumekimbia."

Ofisi ya kampuni ile ina kiyoyozi, viti vya chuma vilivyounganishwa, na picha ukutani za watu wanaocheka na simu zao. Anayesubiri kwenye viti hivyo hacheki. Bi Povu alipewa kikaratasi cha namba saa mbili na nusu akaitwa saa tano. Katika kungoja alikaa karibu na mwashi, mwanamume mpana mwenye saruji iliyoganda kwenye kucha, ambaye alikuwa akizungumza na sakafu.

"Wananipigia watu nisiowajua," mwashi aliiambia sakafu. "Mwanamke mmoja kanitukania mama yangu. Kisa nimemuuzia friji hewa. Mimi! Friji nimeiona kwa matajiri wangu tu, tena mlango umefungwa."

"Kaka, ulisajili wapi laini yako?" Bi Povu alimwuliza.

"Kwa yule Mpole wa mwavuli. Mtu mzuri. Alihangaika na vidole vyangu mpaka nikamhurumia. Saruji imevila, si unaviona."

Bi Povu alivitazama vidole vya mwashi, halafu vyake. Kisha akauliza taratibu, "Alikufuta kwa kitambaa?"

"Cheupe," alisema mwashi, na akaacha kuizungumzia sakafu.

Binti wa kaunta alibonyeza kompyuta yake bila kuinua macho. "Laini zako ziko sita, mama. Unataka kufunga ipi?"

"Sita za nani?"

"Zako. Zimesajiliwa kwa kidole chako. Mfumo haudanganyi."

"Mimi nina moja. Naomba unichapie karatasi ya hizo sita, na siku zilizosajiliwa."

"Haturuhusiwi kutoa taarifa za wateja."

Mwashi, ambaye alikuwa amemfuata bila kuitwa namba, akaegemea kaunta. "Binti yangu, mteja si ndiye huyu? Unamficha yeye habari za nani, za yeye?"

Maneno yakawa mengi, msimamizi akatoka, akasikiliza nusu, akaamuru karatasi zichapwe ili mradi wapunguze kelele. Hivyo ndivyo haki ilivyopatikana pale: kwa kuwa waliodai walikuwa wawili na sauti ya mmoja ilizoea kupaazwa kutoka juu ya jengo.

Karatasi ya Bi Povu ilionyesha laini sita. Zote zilisajiliwa siku moja, mchana mmoja, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho dakika ishirini na mbili, na mbele ya kila moja ilikuwa namba ile ile ya wakala. Ya mwashi ilionyesha nne, siku nyingine, wakala yule yule. Mara tisa alizoweka kidole, mara tatu tu mashine ilikataa kweli. Mara sita ilisoma. Kila iliposoma, isipokuwa ya mwisho, Mpole alitikisa kichwa akasema haijasoma, akachukua laini nyingine kwenye droo.

"Lakini mlibonyeza wenyewe," alisema binti wa kaunta, kama mtu anayefunga hesabu.

Neno hilo hilo waliambiwa tena kituo cha polisi mchana ule. Nimelisikia tangu wakati huo midomoni mwa watu wengi wenye vyeti, na kila mara linanitia kinyaa. Mwenye nyumba akiibiwa hatumwulizi kwa nini aliweka mlango. Lakini mtu wa kazi ya mikono akiibiwa jina, swali la kwanza ni kwa nini alikuwa na kidole.

Askari wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alianza na neno hilo, lakini angalau yeye hakuishia hapo. Alisoma karatasi ya kwanza. Akasoma ya pili. Akafungua jalada lililokuwa chini ya kikombe chake cha chai, akatoa malalamiko ya mwanamke anayeosha vyombo hotelini, mwenye laini tano asizozijua. Jalada lilikuwa limelala hapo wiki tatu. Duara la kikombe lilikuwa limechorwa juu yake.

"Wakala namba hiyo hiyo," alisema. Akatazama duara lile, akalifuta kwa kiwiko bila mafanikio. "Dobi, mwashi, mwosha vyombo. Twendeni."

Walimkuta Mpole chini ya mwavuli. Kwenye kiti cha plastiki alikuwa mzee mvunja kokoto, kidole kiko juu ya mashine.

"Haijasoma, mzee wangu, weka tena," Mpole alikuwa akisema. Alipoinua macho akamwona Bi Povu, akatabasamu. "Mama yangu! Karibu, namaliza sasa hivi." Kisha akamwona askari nyuma yake, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

Askari hakuuliza. Alizunguka meza, akaitazama skrini. Laini ya mzee ilikuwa imeshasajiliwa, mbili zaidi zilikuwa zimeshamfuata, na ya nne ilikuwa inangoja. Ndani ya droo kulikuwa na bahasha ya laini zilizotayarishwa, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mtu. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

"Mzee, toa kidole," alisema askari.

Mzee akakiondoa haraka, akakificha kwapani kama mtu aliyenusurika kuungua.

Watu wakajaa, kama kawaida. Mpole akainama karibu na Bi Povu, akamnong'oneza, lakini alisikika. "Mama, ungekuja tu kwangu tukaongea kama mzazi na mwanawe. Ningekununulia simu nzuri. Mimi nauza laini, basi. Wanazifanyia nini huko mbele, mimi sijui."

"Ulinifuta mikono," alisema Bi Povu.

"Sasa hilo ni kosa?"

"Ulinifuta mikono," alirudia, na mwashi akasema baadaye kwamba alidhani angempiga. Hakumpiga. Alifuta vidole vyake vyote kumi kwenye kanga yake, kwa nguvu, mbele ya watu.

Wakatokea waliomhurumia Mpole, maana katika nchi yoyote hawakosekani. "Mwacheni jamani, ana watoto," alisema mwuza vocha wa meza ya jirani.

"Na dobi ana nini, ana kuku?" alijibu mtu kutoka nyuma, na watu wakacheka, na wakala akapakiwa kwenye gari la polisi.

Maneno aliyoyatoa kituoni niliyasikia kwa mwashi, aliyekuwa amekaa benchi la pembeni, na ndiyo yaliyonifanya nikae kuyaandika haya. Aliulizwa kwa nini aliwachagua hawa. Akajibu bila aibu, kama fundi anayeeleza kazi yake: "Wenye vidole vizuri ukiwarudisha mara mbili wanaanza kuuliza, wanataka kuona skrini. Hawa hawaulizi. Wamezoea kuambiwa vidole vyao havifai." Kwa hiyo alikuwa amekaa pale, shati na mstari wake wa pasi, akichungulia mikono ya wapita njia, akitafuta iliyochakaa kwa kazi. Aliposema "mikono ya halali" hakuwa akisifu. Alikuwa akichagua bidhaa. Kunguni hunyonya anayemfikia kwanza, kwa njaa, na hamwiti mama.

Jumanne asubuhi mfamasia na mkewe walifika kituoni kuandika maelezo yao, wakamkuta Bi Povu ameshakaa, na karatasi yake mapajani. Askari aliwaeleza kwa ufupi. Mfamasia alimgeukia dobi, akataka kusema kitu, akakohoa badala yake. Mkewe alisema, "Sawa, lakini mimi pesa yangu nitaipata wapi?"

"Tutaandika kwanza," alisema askari. "Ulikuwa unanunua nini?"

Mke wa mfamasia akaanza kutafuta kitu mkobani.

"Mama, fomu ina mstari hapa. Ulikuwa unanunua nini?"

"Mashine ya kufulia."

Mwashi hakuwepo siku hiyo, na nafikiri ni heri. Bi Povu alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya karatasi.

Askari aliandika, akaendelea. "Uliionaje?"

"Ukurasa wa duka. Picha nzuri, bei nusu. Watu wengi chini yake wamesifu, wengine wamesema zimewafikia siku hiyo hiyo. Ofa ilikuwa inaisha saa sita."

"Uliwahi kulipigia simu duka hilo? Uliuliza liko mtaa gani?"

"Saa sita ilikuwa imekaribia."

"Ulipokuwa unalipa, kabla ya kuthibitisha, simu ilikuonyesha jina la mpokeaji?"

"Ilinionyesha."

"Duka kubwa la mashine, na anayepokea ni jina la mwanamke mmoja. Hukushtuka?"

"Nilidhani ni mhasibu wao."

"Na ulilisoma jina lenyewe?"

"Nimesema nililisoma."

Askari akavua miwani. "Mama, hili ni jina la mtu anayekufulia nyumbani kwako. Ulilisoma, ukabonyeza?"

Mke wa mfamasia alimtazama mumewe, na mumewe, mtu wa haya, ndiye aliyelazimika kulimaliza. "Hakulijua," alisema. "Mimi nalijua kwa sababu niliwahi kumwandikia kwenye mfuko wa dawa, mafuta ya ngozi. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Nilipoona ule ujumbe jioni, nikamwambia mke wangu, hili si ndilo jina la dobi? Ndipo akalijua."

Miaka kumi na moja. Nguo zao za ndani amezijua, homa za watoto wao amezijua kwa madoa. Na jina lake likatokea mbele ya macho ya mwenye nyumba, wazi, herufi kubwa, likiwa ndicho kitu pekee kwenye ukurasa ule wote wa uongo ambacho kingeweza kumwokoa, maana angelitambua angesimama, angepiga simu, na tapeli angekosa. Halikumwambia chochote. Lakini lilipotakiwa jina la kushtakiwa, lilijulikana mara moja.

Kampuni ya simu ilifunga laini tano ikampa Bi Povu barua yenye mhuri. Aliipitisha nyumba kwa nyumba, mwenyewe, kwa miguu. Nyumba ya mwalimu hawakuisoma. Walimwambia aingie, chai inapoa. Wale waliokuwa wamesafiri bila kutoka nyumbani waliisoma mbele na nyuma, wakamrudishia ufunguo bila kumwangalia. Katika lile kundi la simu hakuna aliyeandika kwamba walikosea. Siku hiyo waliandika habari za takataka. Kesi ya Mpole imeahirishwa mara tatu, na chini ya mwavuli wake sasa anakaa shemeji yake.

Wiki mbili baadaye mke wa mfamasia alimkuta Bi Povu kwenye duka la sabuni.

"Wewe, yaliyopita si ndwele," alimwambia. "Alhamisi njoo. Nguo zimejaa, na ile mashine ndiyo basi tena."

"Hapana, mama."

"Umekasirika? Kila mtu angefikiria vile. Jina lilikuwa lako."

"Lilikuwa langu. Sijakasirika. Siku yako nimeshampa mtu mwingine." Ilikuwa kweli. Alhamisi alikuwa ameanza kufua nyumba ya askari yule mwenye miwani ya uzi, ambaye alimwomba majina yake yote matatu siku ya kwanza, akayaandika vizuri kwenye simu yake.

Mke wa mfamasia alifikiri kidogo. Ningependa kuandika kwamba aliomba radhi. Alisema, "Basi nitafutie mwenzako. Lakini awe mwaminifu, tafadhali, mimi sitaki tena matatizo."

Bi Povu aliahidi kuulizia, na akiahidi hutimiza. Aliwauliza wanawake watatu wanaofua mitaa ile. Kila mmoja alitaka kwanza kujua nyumba yenye geti la kijani ina kasoro gani mpaka yeye akaiacha, naye, bila kuongeza chumvi wala kupunguza, akawaeleza. Wote watatu walisema hapana.